Mvule wa Mama Nabwire

Ekesa tulimzika Jumamosi, kwao, nyuma kidogo ya barabara kuu ya Malaba, na malori yaliyopanga foleni kuingia Uganda hayakunyamaza hata padri aliposimama kuomba. Kila msemaji alipofika mahali pa kuliza watu, honi moja ililia. Marehemu mwenyewe angecheka mpaka ashike mbavu. Walimsifu sana, na hawakumsifu bure. Walisema hakuna aliyewajua tai wa nchi hii kama yeye, kwamba wazungu walimtumia tiketi za ndege aende kuwafundisha, kwamba alikuwa akipanda miti hata baada ya kupata wajukuu. Kisha mshereheshaji akafika kwa marafiki, akanitaja: mwalimu mstaafu wa bayolojia kutoka Busia mjini. Nikasimama, nikapunga mkono, nikaketi. Ni kweli nilikuwa mwalimu, na sioni aibu. Nimewapasulia vijana wa watu vyura na panzi miaka yote hiyo, na wengine wao ni madaktari leo. Lakini siku ile, kwenye kile kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliopinda, neno mstaafu lilinichoma, kwa sababu uko mwaka mmoja ambapo mimi na Ekesa tulikuwa sawa kwa sawa, na kama ni kupanda miti, nilikuwa namwacha nyuma.

Ulikuwa mwaka wa magendo ya kahawa, wakati wa Amin, gunia la kahawa lilipovushwa mpaka kwa baiskeli, kwa punda na hata kwa mgongo wa bibi kizee. Mimi na Ekesa tulikuwa tumetoka tu chuo kikuu Nairobi. Mtafiti mmoja mzungu tuliyemwita Daktari, mtu mrefu aliyekunywa chai bila sukari kama anayetimiza adhabu, alituajiri kwa mwaka mmoja wa majaribio tuchunguze ndege mbuai, yaani tai, kipanga, mwewe na jamaa zao wote wanaoishi kwa kucha. Ekesa alipewa Malaba na bonde la mto Malakisi. Mimi nilipewa upande wa ziwa, kuanzia Budalang'i hadi Port Victoria na Osieko, kwa furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe anayevua samaki. Kazi yetu kubwa ilikuwa kutafuta viota, kuvipanda, na kuwavisha vifaranga pete mguuni, kipete chepesi chenye namba, ili ndege huyo akionekana tena popote duniani ajulikane alizaliwa wapi. Daktari hakutuficha jambo. Mwisho wa mwaka angemchukua mmoja wetu, amsomeshe zaidi na kumpa kazi ya kudumu, na huyo angekuwa yule aliyepanda viota vyake mwenyewe. Nilikuwa nimejifunza kupanda kwenye mikaratusi ya chuo, kwa kamba na viatu vya miiba ya chuma, nikiwa na suruali ndani ya sketi, na Ekesa alikuwa akisimama chini akinihesabia, halafu akipanda yeye anakuta nimeshashuka nakula karanga. Nafasi ile niliitaka kwa moyo wangu wote. Sikutaka kitu kingine, hata mchumba.

Busia mjini nilipanga chumba nyuma ya maduka, na ukuta kati yangu na jirani ulikuwa wa mbao nyembamba kiasi kwamba wakikoroga chai nilisikia kijiko. Jirani alikuwa wakala wa forodha, na kila jioni mataniboi, wale wasaidizi wa madereva, waliosubiri karatasi za malori yao walijazana kwake kula maharagwe. Walinijadili bila wasiwasi. "Huyu dada wa hapa anafanya kazi gani?" mmoja akauliza siku moja. "Anachunguza mwewe," wakala akajibu. "Anachungia nani?" "Watu wa chuo kikuu." Yule wa kwanza akasema, "Sasa mwewe ikibeba kuku ya mama yangu, yeye anaangalia tu?" "Anaandika imebeba." Wakacheka, nami nikacheka na mto mdomoni wasijue nasikia. Asubuhi walinisalimu kwa adabu, "Habari ya mwewe, dada?" nami nikajibu kwamba mwewe wote wameamka salama. Chumba kile kilinuka mafuta ya taa na samaki mkavu, na sijalala vizuri popote kama nilivyolala mle.

Mvua zilipoanza nilikwenda Malaba kumsaidia Ekesa. Kwao wanapiga chini kwa vijiti karibu na kichuguu, taratibu, ili kumbikumbi wadhani mvua inanyesha watoke. Shangazi yake alikuwa fundi wa jambo hilo. Basi siku hiyo mbawa zilipoanza kuruka, walitua tai waliotoka nchi za baridi huko kaskazini, wakubwa wa kutisha, wakawa wanatembea chini wakiokota wadudu kama kuku wa nyumbani. Shangazi hakuacha kupiga vijiti. "Waacheni wale," alisema, "wametoka mbali." Tulilala kifudifudi kwenye majani yenye maji, Ekesa na mimi, tukiwatazama mpaka mbavu zikapoa, halafu tukala kumbikumbi waliokaangwa na ugali wa wimbi. Ekesa alinisukumia bakuli akasema, "Wewe ukichukua hiyo nafasi, mimi nitabaki hapa nihesabu malori." Nilimwambia malori yatamshinda, hayatulii. Hatukuoneana wivu, nami namshukuru Mungu kwa hilo, maana ningelazimika leo kuandika mambo mengine.

Budalang'i nililala kwa Mama Nabwire. Alikuwa mjane wa makamo, jina la Nabwire akilipata kwa bintiye wa kwanza aliyeolewa Port Victoria. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, sakafu imepakwa samadi kila Ijumaa, na mlango wa mbao nzito ambao marehemu mumewe aliununua kwenye mabaki ya boti. Mchana kutwa mlango ule ulikuwa wazi. Kuku, mbuzi, majirani na wauza samaki waliingia na kutoka, na hakuna aliyefika asipewe chai. Tulikula ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, na samaki aina ya ngege wa kuchemsha kwa nyanya na chumvi tu, naye alinitolea miiba kwa vidole kama mimi ni mtoto. Uani, hatua chache kutoka mlangoni, ulisimama mvule ambao watu wawili hawakuweza kuukumbatia, na juu kabisa kwenye panda la matawi kulikuwa na kiota cha furukombe, rundo la vijiti kubwa kama tela la ng'ombe. Furukombe akilia alfajiri Mama Nabwire alimjibu, "Tumeamka, wewe pia amka."

Bwana wa boma hilo, kwa kujipa cheo, alikuwa shemeji yake, Mzee Ouma, aliyeishi upande wa pili wa ua. Mzee huyu alizijua mila zote, hasa zinazowahusu wanawake. Mwanamke hali kuku, mwanamke hapandi paa, mwanamke hapandi mti. Majirani wengi walikwisha kuacha haya ya kuku, lakini kwake yalikuwa kama jana. Siku moja Jumapili nilirudi kutoka Osieko nikakuta mlango wa Mama Nabwire umefungwa mchana. Nilibisha, akafungua kidogo, akanivuta ndani, akafunga tena kwa komeo. Gizani kulikuwa na sufuria, na ndani ya sufuria kuku mzima mwenye mchuzi mzito. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama si mwiko.

"Ni nani amekula kuku?" akaniuliza, mdomo umejaa. "Wewe umeona mtu?"

"Mlango umefungwa, mama."

"Basi. Mlango ikifungwa, wa nje hajaona na wa ndani hajasema. Kula hii shingo."

Tulicheka bila sauti mpaka machozi yakatutoka, tukiramba vidole kwenye giza, na nje tukimsikia Mzee Ouma akikohoa na kumwuliza mbuzi Mama Nabwire ameenda wapi. Sikuwahi kula kuku mtamu kama yule. Nimekula kuku wengi tangu hapo, na wengine kwenye hoteli zenye vitambaa mezani.

Kufikia katikati ya mwaka bahati yangu ilianza kukonda. Mto Nzoia ulifurika ukang'oa mti wangu wa kwanza pamoja na kiota. Kule Osieko waliukata wa pili kutengeneza mashua, na mwenye mti aliniomba radhi, akanipa samaki. Nikabaki na mvule wa Mama Nabwire peke yake. Vifaranga wawili walikuwa juu, naliona hilo kwa darubini, wakianza kuota manyoya ya kahawia. Hapo ndipo muda wenyewe wa pete. Ukingoja wakomae zaidi, ukiwasogelea wanaruka kabla ya kujua kuruka, wanaanguka. Nikamwendea Mzee Ouma kwa heshima zote. Alinisikiliza, akaniuliza shule nilisoma mpaka wapi, akasema, "Msomi au si msomi, mwanamke hapandi mti ya boma hii. Itakauka, na mto itatufuata mpaka jikoni." Sikubishana. Sikuwa mgeni wa mila hiyo. Kwetu upande wa Bungoma nyanya yangu angenichapa kwa kuuliza tu. Mikaratusi ya chuo haikuwa na wenyewe, lakini hapa palikuwa nyumbani kwa watu.

Mchana huo nilimkuta Mama Nabwire akiparua ngege. Nilimwambia kila kitu: nafasi ni moja, kiota kimebaki kimoja, na Daktari anafika Jumatatu. Nikamwambia wazi kwamba nataka kupanda. Magamba yaliendelea kuruka.

"Hao watoto wa ndege watatoka lini?"

"Wiki hii, mama. Wakipita wiki hii basi."

"Nimesikia," akasema, akamgeuza samaki upande wa pili.

Kesho yake asubuhi niliamshwa na sauti yake akimweleza Mzee Ouma kwamba Nabwire ametuma habari, ng'ombe wa wakwe ni mgonjwa, na mtu wa heshima anatakiwa aende Port Victoria na kuku wa kuwapa pole. Mzee aliondoka kwa baiskeli, kuku kafungwa kwenye usukani, akinung'unika na kufurahi. Kisha Mama Nabwire akawatuma wengine wote shambani. Akaondoa kuni zilizoegemezwa kwenye shina la mvule, akazipanga kando ya jiko. Akafagia chini ya mti. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kigogo na mfuko wangu wa kamba, nikingoja chai. Alinitazama, akautazama na mfuko, akaingia ndani. Akafunga mlango. Nikasikia komeo.

Leo mnaweza kunicheka. Wakati ule sikucheka. Mahali pale mlango uliofungwa asubuhi ulikuwa na maana zake: kuna mgonjwa, kuna msiba, au mgeni amechosha. Wagonjwa hawakuwapo, na msiba haukuwapo. Tena sikupewa chai, mimi niliyekuwa nikimiminiwa ya tatu kabla sijamaliza ya pili. Nikaamua kwamba nimemkosea, nimemtia aibu kwa shemeji yake, na sasa ananifukuza kwa namna ya watu waungwana. Mtu wa mbali asiyejua lolote angeona mti upo na watu hawapo, angefunga kamba, angepanda. Mimi nilikuwa mtoto wa hukohuko, nimefundishwa kuheshimu mlango. Nikakaa. Jua likapanda. Furukombe dume akaja na samaki, akaondoka, akaja tena. Hata kubisha sikubisha, na mlango wenyewe ulikuwa hatua chache tu.

Ekesa alifika jua likiwa kali, pikipiki ya Daktari ameiacha mbali asiwashtue ndege. Alikuwa amemaliza viota vyake, amekuja kunitazama nikipanda, kama zamani.

"Mbona umekaa kama umefiwa?" akaninong'oneza.

"Nimekataliwa."

"Na nani?"

Nilimwonyesha mlango kwa kidevu. Aliutazama, akautazama mti, akavua shati. "Nikupandie?" akauliza. "Si ni vizuri wapate pete kuliko wakose?" Nami nikasema, panda. Alipanda vibaya, kama kawaida yake, akiangusha matawi makavu na kutukana chinichini kwa Kiteso, huku furukombe mama akimrukia kichwani akipiga kelele. Aliniteremshia vifaranga ndani ya gunia kwa kamba. Nikawavisha pete kwa mikono yangu mimi. Miguu yao ilikuwa na joto kuliko nilivyotarajia, na mmoja alinishika kidole kwa kucha akanitazama bila kupepesa, na mimi nikawa nalia, nikamwambia asijali. Ekesa akawavuta juu tena.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mama Nabwire alitoka amekinga macho kwa kiganja, ameinua uso kuelekea juu, na alikuwa anatabasamu. Nililiona tabasamu lile kwa macho yangu. Kisha akashusha macho, akaniona nimesimama chini na gunia tupu. Tabasamu likaondoka. "Kumbe," akasema. Akaenda jikoni, akatuletea chai, sisi wote wawili, na hakuzungumza tena habari ya mti. Nikajua kwa hakika amekasirika.

Ekesa alimweleza Daktari ukweli wote, kwamba kiota ni changu na mkono uliovisha pete ni wangu. Daktari alisema ameelewa, na kwamba kwa kazi hii alihitaji mtu ambaye hakuna wa kumzuia chini ya mti. Sikumchukia. Nilipata kazi ya kufundisha Busia kabla mwaka haujaisha, nikaambiwa nina bahati, nikakubali. Ekesa akaenda ng'ambo, akarudi, akawa Ekesa yule mliyemsikia redioni. Kila msimu wa viota alikwenda Budalang'i, na kila akirudi alipita kwangu na ujumbe uleule: "Mama Nabwire anauliza kama bado unakula kuku." Tulicheka. Nilimtumia sukari na majani ya chai. Kwenda mwenyewe sikwenda. Niliona haya, na haya ikikaa sana inazoea nyumba. Wakati mwingine darasani, nikichora bawa ubaoni, mkono ulisimama wenyewe, na wanafunzi wakadhani nimesahau somo.

Basi pale mazishini, watu walipoanza kupanga foleni kwenda kutupa udongo, nilisikia nimeshikwa kiwiko. Alikuwa kikongwe amefungwa leso ya kanisa, ameletwa kwa bodaboda kutoka Budalang'i, mavumbi mpaka kwenye kope. Nilimtambua kwa vile vidole.

"Wewe ni yule wa ndege," akasema.

"Ni mimi, mama."

Nilimpisha kwenye kiti changu, nikachuchumaa. Hakunisalimu zaidi. Ilionekana amekuja na neno lake limeiva.

"Mukhana wangu," akasema, kwa lile neno la kwao la kumwita msichana, na mimi nina mvi, "mimi nilituma yule mzee Port Victoria na kuku yangu mzuri. Hakukuwa na ng'ombe mgonjwa. Nikatoa kuni kwa mti. Nikafunga mlango. Wewe ulikuwa unangoja nini?"

Honi ililia barabarani. Nilimwambia nilidhani amekasirika.

"Nilikaa kwa giza asubuhi yote, nasikiza tu hiyo mti. Mpaka chai sikupika, nisitoke nikakuona. Nikasikia matawi. Nikasikia ndege inalia. Nikasema, ee, msichana yangu amefika juu. Nikafungua nione." Akapangusa mavumbi usoni kwa ncha ya leso. "Nikaona viatu ya mwanaume."

"Kwa nini hukuniambia, mama? Hata baadaye?"

"Ningekuambia aje? Nikikuambia, si nimesema? Si tulikula kuku na wewe? Nilijua umeelewa."

Nililia pale, mbele za watu, na majirani wa Ekesa wakaja kunishika mabega wakiniambia pole, alikuwa rafiki mwema. Alikuwa rafiki mwema kweli. Mama Nabwire aliwaacha wanibembeleze, akangoja. Nilipopata sauti nilimuuliza kama mvule bado uko.

"Iko," akasema. "Ndege pia iko. Mwenye alikuwa anapanda ndio tunazika leo."

Kisha akaninyoshea mkono nimwinue, nikamwinua, tukaingia kwenye foleni ya udongo.